Samaki Ndani ya Sutikesi ya Kwenda Japani

Hii habari siwezi kuisimulia mbele ya watu wa mtaa wetu wa Bulla Pesa, pale Isiolo, kwa sababu wengi walikuwepo, na kila nikianza wao ndio wananimalizia. Lakini nyinyi ni marafiki, na miaka imepita, kwa hivyo wacha niseme tu bila kuzunguka: mimi Guyo, mtu mzima mwenye watoto watatu, siku ya Ijumaa, nikiwa nimevaa kanzu mpya, nilikwamwa na mwiba wa samaki kooni mbele ya mama mkwe wangu na wazee wa msikiti. Anayejua mila yetu ameshashika kichwa. Asiyejua nitamweleza. Mborana wa enzi zile hali samaki. Dini imeruhusu, hakuna sheikh atakayekukataza, lakini sisi ni watu wa ng'ombe, tumbo letu lina sheria zake, na samaki tulimhesabu pamoja na nyoka na mijusi. Halafu kuna heshima ya ukwe: mwanamume hali mbele ya mama mkwe. Miaka kumi na moja nilikuwa nimemuoa Darmi, na sikuwa nimenywa hata kikombe cha chai mbele ya mama yake.

Sasa, mtu kama huyo aliingiaje kwenye samaki? Ni pampu iliyoniingiza.

Nilikuwa nikiendesha pampu ya maji ya mashamba kule Rapsu. Aliyeifunga ni fundi wa Kijapani, kijana mmoja mpole sana jina lake Tanabe, aliyekaa nasi miezi minane akilala kwenye hema na kunifundisha kila nati. Alipoenda kwao niliitunza ile pampu kuliko nilivyojitunza mimi (Darmi alikuwa akisema nina bibi wawili, na mmoja ananuka dizeli). Ikapita miaka saba bado inavuta maji, na zile nyingine zilizofungwa sehemu nyingine zote zimekufa, basi waliozitengeneza wakataka kumwona huyo mtu. Ikaja barua, imepigwa chapa, ikisema Bwana Guyo na mkewe wanaalikwa Japani siku kumi, nauli juu ya wenyeji, na siku mbili kati ya hizo tutalala kwa wazazi wa Tanabe kando ya bahari.

Niliisoma hiyo barua nimesimama, nikaisoma nimekaa, halafu nikampa Darmi naye akaisoma akaketi chini kabisa, kwenye sakafu. Ndani ya bahasha Tanabe aliweka picha. Kulikuwa na mlima mweupe juu mpaka chini kama umemwagiwa maziwa. Kulikuwa na gari la moshi ambalo aliandika kwamba lingetoka Isiolo likafika Nanyuki kabla chai haijapoa, na mimi barabara ile naijua, nimeshalala njiani mara mbili. Tulikuwa tunazitazama kila jioni, tunazigeuza, tunaziweka, tunazichukua tena. Hatukuwa tumewahi kuona bahari. Darmi akaniuliza, "Baba Halake, kweli Mungu alifanya hii yote na sisi hatukuambiwa?"

Tukaanza kupanga. Nikaenda Meru nikanunua koti zito la mitumba na sutikesi ya buluu. Tukafanya mazoezi ya kula na vijiti, tukitumia miswaki miwili kunyakua maharagwe, na Darmi akawa hodari mpaka watoto wakamuogopa. Watoto wenyewe wangebaki na nyanya yao. Kulikuwa na mambo mawili tu yaliyobaki. La kwanza ni baraka za mama mkwe, Ayo Tume (ayo kwetu ni mama), kwa maana Darmi alisema wazi, "Ayo asipomwaga maziwa kwenye mzigo, mimi siendi mahali, utaenda na pampu yako." Na Ayo alikuwa na shaka, kwa sababu mwanawe mmoja, Wario, alienda mbali na mwaka wa sita ulikuwa unaisha bila kurudi. La pili lilikuwa mstari mmoja wa mwisho wa barua ya Tanabe: baba yake ni mvuvi, amefurahi sana, na samaki tutakaokula atawavua yeye mwenyewe.

Huo mstari ulininyima usingizi. Utakataaje chakula cha mzee aliyeingia majini kwa ajili yako? Ndipo nikaamua uamuzi mdogo sana, mnisikilize vizuri, mdogo tu: nijizoeze kula samaki kidogo nyumbani, kimyakimya, kabla ya safari.

Ijumaa asubuhi nikaenda sokoni kwa Mama Ekiru, Mturkana jirani yetu pale Bulla Pesa, aliyekuwa akiuza samaki wakavu wa kutoka ziwani. Nikaangalia huku na huku. Akanitazama akasema, "Guyo, umepotea njia? Nyama iko upande ule."

Nikasema, "Nataka samaki. Ni ya paka."

Ningesema ni yangu, ingeishia hapo. Lakini nilisema ni ya paka, na nyumbani kwangu hakukuwa na paka.

"Paka yako inakula vizuri," akasema, akanichagulia samaki mkubwa, na kwa wema wake akanieleza namna ya kumloweka na kumkaanga na kitunguu, maagizo marefu kweli kwa chakula cha paka, nami nikayasikiliza yote.

Watoto walikuwa chuoni kusoma Kurani. Dua ya safari ilipangwa baada ya swala ya Ijumaa, na Ayo alitarajiwa kufika saa sita, kwa hivyo tulikuwa na asubuhi yote. Tukaloweka, tukakaanga, moshi ukajaa jikoni. Darmi akiwa amejifunga leso puani alinyakua kipande kwa miswaki yake, akakileta karibu na mdomo, akafumba macho, na hapo hapo tukasikia mlangoni, "Salaam aleikum, wenyewe mko?"

Ni Ayo. Lori la mbuzi lilitoka Garbatulla mapema.

Sijui niwaambie nini kuhusu akili ya mtu aliyeshikwa. Kulikuwa na dirisha, ningemtupa yule samaki nje. Kulikuwa na moto, ningemchoma. Mimi nilimfunga kwenye gazeti, mafuta yakichuruzika, nikafungua sutikesi ya buluu nikamlaza chini ya koti, karibu na pasipoti, nikafunga kwa ufunguo. Darmi akatupa ubani kwenye makaa, tukatoka kusalimia tukiwa tunatokwa na machozi ya moshi, na mama wa watu akafikiri tunalia kwa ajili ya safari.

"Mnafukiza nini?" akauliza.

"Dawa ya panya, Ayo," nikasema. (Huo ulikuwa uwongo wa pili, na tazama jinsi ulivyokuja rahisi kuliko wa kwanza.)

Baada ya swala watu wakajaa uani. Wazee kwenye mikeka, kina mama upande wao, Mama Ekiru akiwa amejipamba shanga zake zote, na Mzee Jattani, aliyepangiwa kusoma dua, katikati. Jua la saa nane la Isiolo mnalijua. Ayo akatoka na kibuyu chake cha maziwa ya kuganda, akasema, "Leteni mzigo wao hapa mbele."

Nikasema mzigo ni mzito, tuombee hapa hapa tu. Vijana wawili wakaubeba kama unyoya wakauweka mbele ya wazee, juani. Darmi hakunitazama.

Dua ikaanza. Mzee Jattani alikuwa anawaombea wasafiri wa nchi kavu na wa angani wakati paka wa kwanza alipopita ukutani. Akashuka, akazunguka sutikesi, akaketi. Nikasema moyoni, mmoja si kitu. Akaja wa pili na wa tatu, halafu yule mkubwa wa buchani asiye na sikio, ambaye kila mtu Bulla Pesa anamjua, na huyo hakuketi, alianza kukwaruza kufuli. Watu wakaacha kusema amina. Mzee Jattani akavuta pua mara moja, mara mbili, akasimamisha dua.

"Hawa paka wanataka nini kwa nguo?" Ayo akauliza.

Na Mama Ekiru, ambaye hana ubaya hata kidogo, akafurahi kabisa akasema, "Kumbe ni kweli, Guyo! Mimi nilifikiri ya paka ni uwongo. Sasa hawa wote ni wako?"



"Fungua," Ayo akasema.

Nikafungua. Ufunguo ukaanguka, nikauokota kati ya paka. Nikatoa koti, nikatoa lile gazeti lililolowa mafuta, na samaki akajionyesha kichwa chote mbele ya watu walioswali. Wazee wakafunika pua kwa vilemba. Mzee Jattani akasema taratibu, "Mwana wa Borana anabeba nyoka wa majini kwenye mzigo wa dua." Nilitamani ardhi inimeze, lakini ardhi ya Isiolo mnavyoijua ni ngumu.

Ayo hakumtazama samaki. Alinitazama mimi. Akafunika kibuyu.

"Samaki si neno," akasema. "Wario aliniambia anaenda Meru kuuza ngozi, atarudi jioni. Angeniambia anaenda mbali ningemwagia maziwa, ningejua ninangojea nini. Wewe umeniambia dawa ya panya. Nawe ukienda, nitajuaje mnaenda Japani? Nitajuaje mtarudisha binti yangu?"

Darmi akaanza kulia, na safari hii haikuwa moshi. Mimi nilijua safari imekwisha. Nikaona ule mlima mweupe unaondoka, gari la moshi linaondoka, lakini wallahi kilichoniuma zaidi ni yule mama kusimama pale na kibuyu kilichofunikwa, na ni mimi niliyemfanya akifunike.

Basi nikapiga magoti, nikasema kweli yote. Nikamwambia habari ya mzee mvuvi atakayeingia baharini kwa ajili yetu. Nikamwambia niliogopa kumkataa, na niliogopa kuchekwa na watu hapa, na woga wote wawili nikaufungia kwenye sutikesi. Halafu nikasema, "Ayo, unamkumbuka Tanabe? Ulikuja Rapsu ukampa kibuyu."

Uso wake ukabadilika. Nani angesahau? Alimpa maziwa ya kuganda yaliyofukizwa, yale makali, vipande vya mkaa vikielea, tukawa tunamtazama yule kijana wa watu. Alionja, macho yakajaa machozi, koo likakataa, na bado akanywa yote mpaka tone la mwisho, akageuza kibuyu tuone kiko tupu, halafu akainama mbele ya Ayo mpaka paji la uso likakaribia vumbi. Ayo alimsimulia mwaka mzima.

Ayo akauliza, "Mama yake ndiye atakayewapikia?"

"Ndiye, Ayo."

"Lete hapa."

Nilidhani nimemsikia vibaya. Akanyoosha mkono mwenyewe, akawafukuza paka kwa mguu, akamega kipande cha mgongoni, akakitia mdomoni mbele ya wazee wote. Alitafuna muda mrefu, uso mkavu, hakuna aliyepumua. Mama wa miaka sabini, aliyezaliwa kwenye ng'ombe na kuzeekea kwenye ng'ombe. Nimeona mengi baada ya hapo, nimeona ile bahari na lile gari la moshi kwa macho yangu, na bado sijaona kitu kilichonishangaza kama shavu la Ayo likitafuna yule samaki.

Akameza. "Ina chumvi," akasema. Kisha akaniambia, "Sasa wewe. Kula."

"Ayo, mbele yako?"

"Umenidanganya mbele yangu. Kula mbele yangu."

Nikala, kwa haraka, kwa aibu, bila kutafuna, na ndiyo maana ule mwiba ukanishika. Sitaki kusema mengi. Nilikohoa, nikageuka rangi, nikatambaa kwenye mkeka wa wazee, kilemba cha Mzee Jattani nikakivuta kikaanguka, Mama Ekiru akaja na mkono wake wa kupasulia kuni akanipiga mgongoni mara tatu, na mwiba ukatoka ukaenda kuangukia mahali ambapo paka asiye na sikio alikuwa anangoja. Uani kote watu walikuwa wamelala kwa kicheko. Nilipoinua kichwa nikamwona Ayo naye anacheka, amejifunika mdomo kwa shuka. Darmi akaniambia baadaye hakuwa amemwona mama yake akicheka vile tangu Wario aondoke.

Ndipo akafunua kibuyu. Akamwaga maziwa kwenye sutikesi, kwenye kichwa cha Darmi, kwenye kichwa changu, na paka wakapata sehemu yao. Akasema, "Nendeni mkale kwa mama yake, kama mtoto wake alivyokunywa kwangu. Na mkimaliza mgeuze sahani aone."

Tulienda. Koti lilinuka samaki kutoka Isiolo mpaka kule, lakini kwenye kijiji cha Tanabe kila mtu alinuka hivyo hivyo, hakuna aliyeuliza. Samaki waliletwa wabichi kabisa, hawajaona moto (hilo Mama Ekiru hakunifundisha). Darmi alikula wa kwanza. Tulipomaliza tukageuza sahani, na mama yake Tanabe, ambaye hakuelewa neno letu hata moja, akainama mpaka chini.

Mimi tangu siku hiyo niliapa. Nikinunua samaki, sifungi kwenye gazeti. Nambeba mkononi, kichwa mbele, napita naye katikati ya Bulla Pesa nikisalimia watu, na akiniuliza mtu ni wa nani, nasema ni wangu.