Mia Sita Arobaini na Moja

Siku ya arobaini ya baba, nyumbani kwetu Buyenzi, wakubwa walimaliza kula pilau kisha wakaanza kutugawa. Mama alikuwa ametangulia miezi saba. Tulikuwa watoto watano, mimi wa kwanza, na nyumba zilizokubali kupokea zilikuwa nne.

"Batano kwa ine," alisema shangazi, "moja anabakia."

"Mukubwa abakie," akajibu baba mkubwa wa Uvira. "Ule anajiweza."

"Apana," nikasema. "Hatoki mutu hapa."

Wakanicheka kwa upole, kwa kuwa ulikuwa msiba. Baba mkubwa akanipa mwaka mmoja wa kujaribu kuwalea. Jumatatu sikurudi shule. Nikaanza kupiga pasi nguo za watu wa ofisini Rohero, na wadogo zangu wakala.

Anayenifuata alikuwa sekondari. Mwaka ukielekea mwisho, alirudi na namba ambayo mwalimu wa hesabu aliandika ubaoni. Akaniandikia kwa chaki kwenye sakafu ya saruji. Uzidishe mbili kwa mbili upate nne, nne kwa nne upate kumi na sita, uendelee hivyo hadi mara ya tano, kisha uongeze moja. 4 294 967 297.

"Ukisimama njiani ukaongeza moja," alisema, "unapata tano, kumi na saba, mia mbili hamsini na saba, halafu 65 537. Zote hazigawanyiki, ila kwa moja na kwa zenyewe. Hii je, Yaya?" Ndivyo wadogo zangu walivyomwita mkubwa wao.

"Haigawanyiki."

"We umejuaje?"

"Naona sura yake."

Alicheka. Mimi sikuwa natania. Moyoni nilikuwa nimekwisha kujiwekea nadhiri: isipogawanyika, na sisi hatugawanyiki. Sikumwambia mtu.

Kila alasiri, pasi ikipoa, tuliigawa ile namba kubwa kwa namba nyingine ndogo, moja tu. Nilitaka tufanye kumi. Alikataa, akasema moja kwa siku, tusije tukakosea. Alinifundisha kwamba iliyokataa mbili imekataa nne na sita pia, hivyo tulijaribu zile tu ambazo zenyewe hazigawanyiki. Kwa tatu ikabaki mbili. Kwa saba ikabaki tano. Wadogo walichuchumaa ukutani wakisubiri tufike mwisho, kisha wakaambiana, "Imebakia," kama watu waliookota kitu.

Tulikuwa tumefika mia tatu na kumi na tatu baba mkubwa aliporudi. Kitinda mimba alikuwa ameugua malaria mara mbili, na baba mkubwa akaniuliza nani alikesha naye na nani alipiga pasi. Kwa siku nne waliondoka wote wanne, kila mmoja nyumba yake. Anayenifuata alikwenda Uvira. Aliacha chaki dirishani.

Niliendelea peke yangu. Kwa mia sita arobaini na moja hakikubaki kitu. Nikarudia mara tatu. Kila mara ilitoka 6 700 417, na chini yake sifuri.

Nikamwandikia Uvira kwamba namba yetu imegawanyika. Jibu lake lilichukua majuma mawili.

"Yaya, nilijua. Mwalimu alituambia siku ileile, mia sita arobaini na moja. Lakini niliona umeishaamini, na pale sakafuni tulikuwa wote. Ndiyo sababu nilisema moja kwa siku."