Kilima Kilichotengenezwa kwa Mikono

Harufu ya nyasi zilizotoka kukatwa hunikamata popote nilipo. Husimama, wenzangu, hata kama tramu inaniacha, na papo hapo ninakuwa tena mtoto wa miaka minane katika bustani kubwa ya Schaerbeek, miaka ya tisini, katikati ya baba na mama.

Mama alikuwa hataki kukaa Ubelgiji. Tulikuwa tumemfuata baba kutoka Bukavu, na kila jioni nilimsikia akimwambia, "Miye sitashika hapa. Niko mukubwa sana. Mutoto abakie na wewe, miye narudia." Niliogopa kuamka asubuhi nikute hayupo. Tena mwalimu wangu alikuwa amemwagiza baba tuongee Kifaransa tu nyumbani, nisije nikabaki nyuma darasani. Basi mama akazidi kunyamaza, na mezani zikasikika sahani tu.

Jumapili moja baada ya misa, baba akatupeleka bustanini. Nilipigwa na bumbuwazi. Kilima kilishuka taratibu mpaka majini, njia ikajipinda na kupotea nyuma ya miti, na kila tulipoifuata, uzuri mwingine ulikuwa ukitungoja. Mama alishika kiuno, akakitazama kile kilima cha nyasi kisicho na hata shina moja la muhogo.

"Mungu alitengeneza vizuri," akasema. "Lakini hawa batu ba hapa ni wavivu."

Baba alicheka sana. Kwetu Bukavu alikuwa akifundisha kilimo, na hapo akapata wanafunzi wawili. Alituambia kwamba zamani kulikuwa na Mwingereza aliyezunguka kwa farasi kwenye mashamba ya matajiri, akibomoa kuta na kung'oa maua yaliyopandwa kwa mistari, akichimba maziwa na kusogeza vilima, hata mgeni angeapa kwamba Mungu ndiye aliyeviweka. Ulaya ikamwiga, mpaka hapa tulipokanyaga. Nilitazama chini ya viatu vyangu kwa hofu. Kumbe mtu anaweza kutengeneza kilima!

"Hata miti mikubwa alikuwa anahamisha," baba akaongeza.

Mama akageuka. "Muti mukubwa? Na inashika mizizi?"

"Inashika, Mama Nsimire," baba akasema, akimwita kwa jina langu kama kawaida. "Lakini wanaihamisha na udongo yake."

Mama aliweka kiganja kwenye shina nene lililokuwa karibu, akakaa hivyo mpaka mimi nikaanza kulalamika njaa.

Jioni, mezani, nilimwomba chumvi kwa Kifaransa. Akaisogeza mbali nami.

"Non. Hapa ku meza, ni Kiswahili."

Baba akamkumbusha agizo la mwalimu.

"Mwalimu iko na masomo yake," mama akasema. "Miye niko na udongo yangu."

Nilinuna, nikala ugali na sombe ya majani ya muhogo bila chumvi, nikimwona mkaidi kupita kiasi. Nilipopata mtoto wangu mwenyewe ndipo nilipoelewa kwamba jioni ile mama alikuwa ametuambia anabaki.