Picha ya Bibi Iliyovuka kwenda Ubwari

Mama alipofariki, nilirithi sanduku lake la picha. Nyingi zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nikawa nazibandua moja moja na kuzipiga picha kwa simu ili nibaki na nakala, hapa nyumbani mjini Baraka. Siku hizo dada yake, mama mkubwa, alivuka kwa boti kutoka rasi ya Ubwari, ng'ambo ya ghuba, kuja kunitazama. Aliziangalia picha zote. Alipoondoka, picha pekee ya bibi, mama yao, haikuwamo sandukuni, nami nilikuwa bado sijaipiga.

Nilimshuku mama mkubwa, ila sikumtaja kwa mtu. Niliinua mikeka, nikapekua kila daftari, na kila nilipoikosa nilizidi kuukumbuka mkoba aliokuwa ameukumbatia hadi ufukweni. Wiki iliyofuata nikapanda boti kwenda kwake.

Picha niliikuta chumbani mwake, imeegemezwa juu ya kabati. Hakuwa ameificha.

"Mama mukubwa, ni we uliibeba?"

"Mi sikuiba," akajibu. "Mama yako alikuya hapa zamani, akaenda nayo bila kuniomba. Geuza, usome."

Nikageuza. Nyuma, kwa mwandiko wa bibi, paliandikwa jina la mama mkubwa. Nilishikwa na aibu, nikashindwa hata kukaa.

"Basi niipige picha kwa simu tu," nikamwomba.

Alikubali, akaiweka mezani penye mwanga, lakini hakuiachilia. Katika nakala niliyo nayo leo, kidole gumba chake kimeibana pembe ya picha.