Lenzi Mbili na Mkono Unaotetemeka

Sifa ni zako, ee Mungu, uliyeumba nuru kabla ya macho ya kuiona. Umenifikisha uzeeni, nami ninashukuru.

Harusi nyingi za Kasulu na Kibondo nimezipiga picha kwa lenzi moja ya kuvuta, nzito, ya chuma. Kanisani kwetu mpiga picha havuki benchi la mwisho. Ibada si maonyesho. Lenzi ndiyo inayokwenda mpaka madhabahuni. Ile ya zamani, ukitaka kumleta bibi harusi karibu, unavuta bomba lake kama pampu ya baiskeli.

Mwaka huu mjukuu wangu alipochumbiwa, mama yake, binti yangu anayefundisha Kibondo, alikuja kuniambia wamepata kijana wa kupiga picha.

"Baba, mikono inatetemeka. Pumzika sasa."

"Inatetemeka mikono. Mimi sitetemeki."

"Picha za Pasaka si zilijaa ukungu kama asubuhi ya msitu wa Kagerankanda!"

Picha zile sikuzitetea. Kuwekwa kando ndiko nilikokataa. Nikaazima kwa rafiki yangu mwenye studio lenzi mpya ya kazi ileile: nyepesi, inalenga yenyewe, na ndani ina kioo kinachotuliza mtikisiko wa mkono. Nikamsimamisha binti yangu mbele ya madhabahu, mimi nikabaki benchi la mwisho.

Nilianza na ya zamani. Kisha nikashika mpya, nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Haikusogea, kamera ikanigonga pua. Kumbe hii huzungushwa.

"Baba, unakamua ng'ombe?"

"Subiri maziwa."

Nikazungusha, nikapiga. Tukatazama pamoja. Ya zamani ilikuwa na rangi tamu, sitaikana kamwe, lakini uso wa binti yangu ulikuwa moshi. Kwenye mpya nyuzi za kitenge chake zilionekana, hata kovu dogo la utotoni kwenye nyusi. Akaigusa nyusi yake, akaniuliza:

"Na yule kijana je?"

"Aje ale pilau."

Siku ya harusi nilisimama nyuma ya benchi la mwisho na lenzi ile mpya. Mkono ulitetemeka tangu wimbo wa kwanza hadi viapo, nami sikuuficha. Chozi la mjukuu wangu limetulia pichani mpaka leo.

Nawe uliyesoma, Mungu akushike pale unapotetemeka, na asikuondoe mtu kazini kabla Yeye mwenyewe hajakuita. Amina.