Nusu Mbili za Pango

Mwanamke huyu anaitwa Namba Wani na kila mtu, hata mumewe akiwa na shida naye. Kazi yake ni kutembeza wageni ndani ya pango la lava. Kwa miaka mingi amewapokea kwa maneno yaleyale, kofia ngumu kichwani na tochi mkononi: "Karibuni kwenye pango la lava lililo namba wani duniani." Nani alimwambia? Hakuna aliyemwambia. Lakini aliyasema kwa uso mkavu, na mtu mwenye uso mkavu huaminiwa haraka.

Kwa kweli alikuwa na nusu ya pango tu. Zamani za kale volkano ilitapika, uji wa moto ukashuka mlimani kama mto. Juu ukapoa ukaganda, ndani ukaendelea kutiririka mpaka ukaisha, ukaacha bomba tupu la mawe lenye mlango wa juu na mlango wa chini. Katikati dari iliporomoka na kuziba njia. Baba yake Namba Wani alikuwa akitembeza wageni kwa milango yote miwili. Alipofariki, Namba Wani akachukua wa juu, kaka yake mkubwa akachukua wa chini.

Mambo yangeishia hapo kwa amani, lakini kaka mtu akasimamisha kibao barabarani: PANGO ASILI. Namba Wani alikisoma mara mbili. Kwa hiyo la kwake ni la bandia? Wiki ileile akasimamisha cha kwake: PANGO ASILI HASA. Kaka akajibu: MAMA WA MAPANGO. Hapo Namba Wani akaachana na vibao, akanuna. Tangu siku hiyo ndugu hao hawakuiva chungu kimoja. Salamu zilipitia kwa wifi, mke wa kaka, mwanamke mwenye subira kupita kiasi, na hata hizo zilifika zimepoa.

Ndipo alipotokea mpimaji. Alikuwa bwana mnene, mpole, mwenye vifaa vingi kuliko nguo, na kazi yake ilikuwa kulinganisha mapango makubwa ya lava duniani kwa ajili ya kitabu. Namba Wani alimkaribisha kwa sentensi yake. Mpimaji akatabasamu kama daktari anayemsikiliza mgonjwa akijitibu mwenyewe.

"Mama, namba wani iko Hawaii," akasema. "Kilomita zaidi ya sitini."

"Sitini? Hilo si pango, hiyo ni barabara."

"Kuna lingine visiwa vya Kanari, kilomita zaidi ya kumi na saba, na lina ghorofa tatu."

"Ghorofa," akasema Namba Wani. Hakuwahi kufikiria kwamba pango linaweza kuwa na ghorofa, na aliona wivu papo hapo. "Na langu?"

Mpimaji akaenda kupima, juu na chini, akarudi jioni na jibu. Nusu ya juu peke yake ilikuwa fupi mno kuingia kitabuni. Nusu ya chini vilevile. Zikiunganishwa zingeingia, mkiani, lakini zingeingia.

"Basi unganisha. Kalamu si unayo?"

"Haiendi hivyo. Mtu mzima lazima apite, mwili wake wote, kutoka upande mmoja hadi wa pili. Sauti ikipita haihesabiki. Moshi ukipita hauhesabiki. Hata mkono hauhesabiki. Kuna mwanya pale kwenye mawe, lakini mimi nilikwama kiunoni, mpaka wasaidizi wangu wakanivuta miguu. Asipopita mtu kabla sijaondoka kesho, nawaacha nje wote wawili."

Maneno hayohayo mpimaji alikuwa amemwambia kaka mtu kule chini. Na familia hiyo, kwa bahati mbaya au nzuri, yote ina mabega membamba.

Usiku ule Namba Wani hakupata usingizi mzuri. Kuingia kitabuni alikutaka kwa moyo wote. Lakini alitaka iandikwe kwamba njia ilifunguliwa kutoka juu, na yeye, ili yule wa chini ajue nani ana pango na nani ana shimo. Asubuhi aliwaacha wageni wakisubiri nje na mumewe, akamweka mpimaji ndani penye mawe, akalala kifudifudi na kuingia kwenye mwanya. Mawe yalikuwa makali kama mkate uliokauka siku nyingi. Alisukuma kwa vidole vya miguu, akavuta kwa viwiko, akapumua nusunusu. Alipofika mahali pembamba kuliko pote, taa ikammulika machoni.

Ilikuwa taa ya kofia ya kaka yake.

Walitazamana. Kwa miaka hawakuwa wamekaribiana hivyo, na sasa pua zao zilitenganishwa na upana wa kiganja. Namba Wani aliona kwamba ndevu za kaka zilikuwa zimeota mvi na jino moja la mbele halipo. Hakuna aliyemwambia habari za jino. Ilimuuma, na ilimkasirisha kwamba imemuuma.

"Rudi nyuma," akasema.

"Rudi wewe, mimi ndiye niliyefika kwanza."

"Umefika wapi? Hapa ni kwangu."

"Kwako kunaishia pale kwenye jiwe jeupe."

"Jiwe jeupe ni langu."

Sauti ya mpimaji ikafika kutoka nyuma, mbali kidogo: "Ameshapita mtu?"

"Bado," wakajibu wote wawili kwa pamoja, kwa adabu.

 Namba Wani alijiapiza kwamba hata wakigeuka mawe, hasogei. Alikuwa amejiandaa kukaa hapo mpaka chakula cha mchana. Kisha akagundua jambo. Kaka yake, ambaye tangu utotoni hakuweza kutulia hata akipewa pipi, alikuwa hatikisiki. Jasho lilimtiririka puani na hakulifuta. Pumzi zake zilikuwa fupi, na macho yake yalikuwa yakikwepa ya dada yake.

"Umekwama," akasema Namba Wani.

"Napumzika."

"Kaka, umekwama."

 Mtu yule angekufa pale kabla ya kutamka neno "nisaidie" mbele ya mdogo wake. Alitazama jiwe, akatazama mkono wake mwenyewe. Halafu akasema polepole, kama mtu aliyesimama mlangoni pa nyumba:

"Hodi."

Namba Wani alikuwa na majibu mengi aliyoyatunza kwa miaka, mengine makali sana. Hakuna hata moja lililotoka. Kinywa chake kilijibu chenyewe, kama kilivyofunzwa tangu hajaota meno:

"Karibu."

Na ukishamkaribisha mgeni, utabakije umeziba mlango? Akaanza kurudi nyuma, kiwiko baada ya kiwiko, akiwa amemshika kaka yake mikono yote miwili na kumvuta. Alivuta kwa nguvu na kwa uchungu, akilia kidogo, na kaka naye akilia kidogo, kila mmoja akimshukuru Mungu kwamba jasho linaficha machozi. Kitu kikachanika. Kaka akachomoka kama kizibo.

Mpimaji aliwamulika walipotoka. Akamtazama kaka mtu kutoka juu hadi chini, na alipofika chini akageuza taa ukutani. Mkanda ulikuwa umenasa kwenye jiwe, na suruali ilikuwa imebaki nao.

"Mwili wote umepita," akasema mpimaji kwa sauti ya kiofisi. "Kuhusu suruali kanuni hazisemi chochote. Ni pango moja."

Namba Wani akavua koti lake la kazi, akamfunga kaka yake kiunoni, akalifunga mafundo mawili yenye kutegemeka. Walitembea kuelekea kwenye mwanga. Mlangoni wageni walikuwa wamejipanga, na walipomwona mzee mwenye miguu myembamba akitoka ardhini amevaa koti kama sketi, walimpisha njia. Namba Wani alijua kwamba hatapata tena nafasi kama hii. Angeweza kusema sentensi moja tu, na ingefika mjini kabla ya jioni.

"Huyu ni kaka yangu mkubwa," akawaambia. "Pango hili ni letu."

Kaka akainamisha kichwa kwa wageni kwa heshima zote. Kisha akamsogelea sikioni.

"Mdogo wangu, funguo za geti la nyumbani ziko mfukoni mwa ile suruali. Na wifi yako ameenda kwao tangu jana."

"Basi unalala kwangu," akasema Namba Wani. "Na hilo jino utanieleza tukiwa tunakula."