Sauti ya Mwanaisha Mwanzo wa Kila Kanda

Kanda iliyochezwa mchana kutwa ilikuwa na harufu yake: plastiki iliyopata moto, mafuta kidogo ya mashine, na vumbi la Ndia Kuu lililojipenyeza kila mahali. Ukiitoa na kuipeleka puani, ilikuwa vuguvugu kama yai lililotoka chini ya kuku. Mjomba wangu Abdalla alikuwa na duka la kanda katika mtaa huo, chumba kimoja chenye mashine mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ikisema na nyingine ikinakili. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na sikutaka kitu duniani ila kuruhusiwa kubonyeza vile vitufe kwa kidole changu mwenyewe.

Siku hizo mwenye duka la kanda alikuwa na adui mmoja: mtu wa kununua kanda Ijumaa, na Jumatatu akawa anauza nakala zake sokoni Marikiti. Kwa hiyo kila duka lilitia alama ya sauti mwanzo wa kanda, na tena katikati ya wimbo, ili mwizi akinakili anakili na jina la mwenyewe. Mjomba alijaribu sauti yake, akitaja duka na mtaa kwa madaha ya mtangazaji wa redio. Rafiki yake mmoja alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Abdalla, mtu akikusikia hudhani kuna meli imezama." Mjomba akaifuta.

Mwaka huohuo kulikuwa na arusi kwa shangazi yangu. Siku ya kumpamba bibi arusi, wanawake walitaka nyimbo zao zirekodiwe, na kwa kuwa mwanamume hawezi kuingia mahali pale, mimi, niliyehesabiwa bado mtoto, ndiye niliyeibeba mashine. Shangazi alinishika sikio, si kwa nguvu. "Nyimbo tu," akasema. "Zikisita, zima. Na kanda hii ni ya bibi arusi, haivuki mlango." Hakuhitaji kunieleza sababu. Kwetu, maneno ya wanawake wakiwa peke yao, mabuibui yametundikwa ukutani, ni yao wenyewe, na sauti ya msichana katika mzaha ilistahiwa kama nywele zake. Nilizima mara ya kwanza, nikazima ya pili. Ya tatu sikuzima. Nilitaka kumpelekea Mjomba kitu ambacho hakuna mwanamume mwingine angeweza kukipata.

Hapo ndipo akaingia jirani yetu, nitakayemwita Mwanaisha, ingawa silo jina lake. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa fundi wa kushona kanzu, na tayari ameposwa. Alibeba sinia la asumini kichwani, na ukumbi ulikuwa umejaa wanawake walioketi juu ya mikeka hata hapakuwa na pa kukanyaga. "Nipisheni, mwenye mji nimekuja," akasema, kisha akacheka. Kicheko kile kilianza chini, kikapanda kama mtu anayekwea ngazi mbilimbili.

Mjomba alipokisikia alirudisha kanda nyuma mara tatu. "Hii ndiyo alama," akasema. Nilimwambia sharti la shangazi. Nilimwambia mara moja tu. "Nani atajua?" akanijibu. "Sauti haina uso." Kisha akakishika kidole changu na kukiweka juu ya kitufe, nami nikabonyeza. Tangu siku hiyo kila kanda iliyotoka dukani ilianza na Mwanaisha.

Haikupita miezi miwili, mahamali wa Marikiti wakawa wanasukuma mikokoteni ya kabichi wakipiga kelele, "Nipisheni, mwenye mji nimekuja!" Makuli wa bandarini Mbaraki walisema hivyo wakiingia mkahawani, na wanafunzi wakichelewa darasani. Kwa wageni, kweli, sauti haikuwa na uso. Lakini katika Mji wa Kale, ambako mtu humjua jirani yake kwa kikohozi, ilikuwa na uso, na nyumba, na baba.

Siku moja baada ya alasiri niliitwa kwenye baraza ya yule fundi. Walikuwapo baba yake Mwanaisha, kaka yake, ami wa mchumba wake, na Mjomba, aliyekuwa akitazama viatu vyake. Shauri lilikuwa moja. Ikiwa binti hakujua kwamba anarekodiwa, basi amedhulumiwa, na posa inabaki palepale. Ikiwa alijua, ameitoa sauti yake mwenyewe madukani kwa wanaume. Shangazi alikuwa amekwisha kuapa kwamba hakujua, lakini wakasema hayo ni ya wanawake kufichiana. Mtoto, wakasema, hana hila. Yule ami aliniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu dada yako alijua kama mashine yasema?"

Nilikuwa naujua ukweli kama ninavyolijua jina langu. Nilijua pia kwamba nikiusema, lawama itamwangukia Mjomba, na sitaigusa mashine tena. "Alijua," nikasema. "Yeye ndiye aliyeniambia nisizime." Hilo la pili hakuna aliyeniuliza. Nililiongeza mwenyewe, kama mpishi anayeona chungu kimepungua chumvi.

Posa ilirudishwa kabla ya magharibi. Mwanaisha alipigwa na kaka yake mpaka jirani wakafunga madirisha, si kwa huruma, bali wasije wakaitwa mashahidi. Mjomba hakuibadilisha alama; sasa watu walikuja kuiulizia. Nami niliandamana na wavulana wenzangu hadi chini ya dirisha la Mwanaisha, tukamwimbia maneno yake, nikiwa wa mbele, kwa kuwa hakuna aliyejua kukiigiza kile kicheko kunishinda. Mwanaisha hakuolewa. Alikaa ndani akishona kofia za viua, zile zitobolewazo vitundu vidogo kwa sindano, na mtaani hakuna aliyemsikia akicheka tena. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Mimi yangu nimeitembea zaidi ya miaka hamsini, na wala haikuniumiza miguu.

Mjukuu wangu Feisal ni prodyuza wa hip-hop, ana chumba cha kurekodia Mbaraki. Mwaka juzi alizikuta kanda za marehemu Mjomba katika sanduku, akakata yale maneno na kicheko, akavitia mwanzo wa kila wimbo anaoutengeneza. Vijana huiita tegi: ukiisikia tu, unajua ngoma ni ya nani kabla hata mwimbaji hajafungua kinywa. Sasa iko katika simu, katika kumbi za arusi, na imechapwa juu ya fulana. Wasichana hujirekodi wakiisema kwa hiari yao, wakaitupa kwa walimwengu, kisha wakaenda kula chakula chao. "Babu, huyu mama ni staa na hajijui," Feisal aliniambia. Nilimsimulia yote. Akasema, "Nenda kamuulize. Akisema niitoe, naitoa."

Nilikwenda. Nilimkuta Bi Mwanaisha katika baraza ya ndani, miwani imefungwa kwa uzi, kofia mkononi. Nilimweleza kila kitu, hata lile neno la pili. Hakuinua kichwa.

"Wajia kunambia mimi kwamba sikujua?" akasema. "Nilikuwapo, Omari. Nenda kawaambie walioambiwa."

Niliwahesabu kimoyomoyo: baba yake, kaka yake, yule ami, mchumba mwenyewe. "Dada, wamekufa wote."

"Najua. Nami nalikungoja walipokuwa hai."

Nilimuuliza kuhusu tegi ya Feisal. Alitoboa kitundu kimoja, cha pili, cha tatu. "Hao vijana wanaoisikia sasa, wanidhania nini?"

"Hawakudhanii ubaya wowote. Wanakupenda."

"Basi iacheni," akasema. "Hao hawana haja na ukweli wako."

Zamani wanaume wanne walitosha kuufunga mlango wa msichana, na neno moja langu lingetosha kuwazuia. Leo naweza kuusema ukweli ukasikika na mji mzima, hata ng'ambo, na mjukuu wangu ana vyombo vya kuufikisha. Nimeuandika hapa. Lakini wewe unayeusoma hukuwahi kumdhania ubaya wowote.