Kipimo Kilichosema Tatu

Mgodini kwetu hakuna anayeingia bila kupuliza. Unashuka kwenye basi la kampuni kabla jua halijachomoza, unapanga foleni getini, askari anakusogezea mdomoni kifaa cha kupima kilevi na unapuliza mpaka akuambie inatosha. Taa ya kijani ikiwaka, unapita. Ikiwaka nyekundu unawekwa pembeni, na mara nyingi wenzako hawakuoni tena ila mtaani. Mimi ni dereva wa yale malori yanayotoa mawe shimoni. Tairi lake moja ni refu kuliko mimi, na ukikosea kidogo ukingoni hakuna anayekuokoa. Kwa hiyo sijawahi kulalamikia kupuliza.

Ila bia nilikuwa naipenda, na hapo ndipo woga wangu ulipokaa. Baa huwezi kujua umekunywa kiasi gani. Huyu anakuagizia, yule anakuagizia, unaondoka umechangamka na hujui kesho alfajiri pumzi yako itasema nini. Dereva mmoja aliyenifundisha kazi alitolewa foleni kwa sababu ya harusi ya jana yake. Aliapa kwamba usiku alilala mapema na alikuwa amepona kabisa. Sasa anaendesha bajaji Kahama mjini, na tukikutana ananisalimia harakaharaka kama mtu anayewahi mahali.

Siku moja nilikuwa Segese, kwenye kibanda kinachouza vitu vya wageni wanaomaliza mikataba na kurudi makwao. Katikati ya majiko na viti vya kukunja niliona boksi la vifaa vya kutengenezea bia nyumbani. Ndani mlikuwa na ndoo kubwa ya plastiki yenye koki chini, kopo la kimea kizito kama asali, kipakiti cha hamira, mashine ya mkono ya kufungia vizibo, na kijibomba cha kupachika juu ya mfuniko ili hewa itoke bila kuingia. Kilichonifanya nilibebe boksi lile ni kitu kingine: kijiti cha kioo chenye alama, kinachoelea. Muuzaji alinieleza kwamba kabla hamira haijafanya kazi, maji yale ya sukari ni mazito na kioo kinaelea juu. Sukari ikigeuka kilevi, maji yanakuwa mepesi na kioo kinazama. Unatoa alama ya mwisho kwenye alama ya mwanzo, unapata nguvu ya bia yako.

Nilirudi Nyahanga nimefurahi kama mtu aliyepata dawa. Nitakunywa nyumbani, bia ninayoijua, chupa ninazozihesabu mwenyewe.

Mke wangu hakufurahi. Kwao Kolandoto mama yake alikuwa akipika pombe ya mtama, na hajawahi kuona mtu akiipima kwa kioo. Lakini alisema, "Afadhali ulewe hapa ninapokuona," akanipa kona ya stoo.

Nilipima alama ya mwanzo, nikaiandika kwa mkaa ukutani, nikamwaga hamira. Kesho yake kijibomba kilikuwa kinatoa mapovu kwa kasi, na mimi nikawa naingia stoo kila nikitoka kazini kama mtu mwenye mgonjwa ndani. Halafu mapovu yakakoma. Nilipima. Kioo kilikuwa bado kinaelea juu sana. Sukari nyingi ilikuwa haijaliwa. Nadhani ile hamira ilikaa juani kibandani miezi mingi, ikadhoofika. Wakati ule sikufikiri hivyo. Niliona bia imelala, nikasema niiamshe. Nikatia sukari ya dukani, nikatia na hamira ya mandazi ya mke wangu, nikafunika.

Iliamka kwelikweli. Stoo nzima ilinuka mkate. Ilipotulia nilichota kidogo, mapovu bado yanapanda kwenye glasi, nikatumbukiza kioo na kusoma. Nikatoa kwenye ile alama ya ukutani. Jibu lilikuwa asilimia tatu na ushee. Bia nyepesi, nikasema, ya mtu mzima mwenye kazi. Nikaijaza kwenye chupa nilizookota baa, nikaongeza kijiko cha sukari kila chupa ili ipate gesi, nikagonga vizibo.

Jumamosi moja tulikuwa na mapumziko hadi Jumatatu alfajiri. Jirani yangu, tunayepanda naye basi moja kwenda kazini, alikuja akiwa na kiu ya kusikia habari za bia hiyo. Yeye anaendesha greda. Ni mtu mwangalifu. Akienda harusini anashika soda mkononi ili asipewe kitu kingine.

"Ina nguvu gani?" aliniuliza.

"Tatu."

"Umepima?"

Nikamwonyesha kioo, nikamwonyesha ukuta. Aliangalia hesabu yangu, akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Aliondoka na mfuko wa chupa, nami nikabaki najiona fundi.

Jumapili mchana nilikunywa moja baada ya chakula. Nilijisikia mzito kuliko nilivyotarajia, nikasema ni jua. Jua lilikuwa kali kweli, bati la stoo lilikuwa linalia. Jioni, watoto wakiwa wanacheza uani, tulisikia mlipuko. Mke wangu alipiga kelele akidhani ni bunduki. Kabla sijafika mlangoni ulilia wa pili, na kitu kikagonga mlango wa stoo kwa ndani. Mtoto wetu mdogo alikuwa ametoka humo punde tu, alikwenda kuchukua mpira. Nilimshika mabega nikamgeuza huku na huku, nikimtafuta damu. Hakuwa na kitu. Alikuwa ananishangaa.

Nilipofungua mlango nilikuta vioo vya chupa vimechoma gunia la mahindi. Kipande kimoja kilikuwa kimesimama kwenye ubao wa mlango, usawa wa uso wa yule mtoto. Nilifunga mlango, nikakaa chini palepale uani.

Mke wangu alisimama juu yangu. Hakugomba. Aliuliza tu, polepole, "Kama bado inachacha ndani ya chupa, wewe ulipima nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimepima kitu ambacho hakijaisha. Mapovu yale ya kwenye glasi yalikuwa yanakiinua kioo, kwa hiyo alama niliyosoma ilikuwa ya uongo. Na ile alama ya ukutani niliipima kabla ya sukari niliyoongeza. Sukari ile yote ilikuwa imegeuka kilevi, na kwenye hesabu yangu haikuwepo kabisa. Kila kosa lilikuwa limepunguza nguvu ya bia kwenye hesabu, na kuiongeza kwenye chupa.

"Jirani," nikasema.

Nilikwenda kwake mbio. Alikuwa kibarazani amekaa na redio, mpira umekwisha, na chini ya kiti chake zilikuwa chupa tupu, zote. Alikuwa anacheka.

"Fundi, hii yako ya watoto imenilaza mchana mzima. Nimeshindwa hata kusimama kwenda kuswaki."

"Jirani, si tatu," nikamwambia.

Aliacha kucheka. "Ni ngapi?"

"Sijui."

Nilimweleza. Alisikiliza bila kunikatiza, na nilimwona anaanza kuhesabu vidole kwa siri pembeni ya paja, saa za kutoka pale mpaka alfajiri. Mke wake alisimama mlangoni na sufuria mkononi. Hakuna aliyemwambia lolote, lakini alikuwa amesikia.

"Kunywa maji mengi," nikasema, na nilipojisikia nikisema hivyo niliona aibu, kwa sababu sote wawili tulijua kwamba maji hayaondoi kitu.

Alfajiri tulikutana kituoni. Alikuwa anatafuna tangawizi. Hatukusalimiana vizuri. Kwenye basi alikaa dirishani, akawa anapumulia kiganja na kunusa, anapumulia na kunusa, na mimi bila kutaka nikawa nafanya hivyohivyo. Mimi nilikuwa nimekunywa chupa moja, mchana, na akili yangu ilijua kwamba imeshatoka mwilini. Mwili haukuamini. Nilimfikiria yule wa bajaji. Nilimfikiria jirani yangu na soda zake za harusini, na kwamba mara moja tu katika maisha yake alikuwa ameamini kipimo cha mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi.

Foleni ilikwenda upesi. Nilikuwa mbele yake. Askari aliniwekea mrija, nikapuliza. Taa ilichelewa, au niliona imechelewa, kisha ikawaka kijani. Nilipita geti nikageuka kumtazama.

Alikuwa ametoka kwenye foleni.

Kwetu kuna utaratibu: ukijitaja mwenyewe kabla ya kupuliza, unapimwa pembeni, unarudishwa nyumbani, siku hiyo hulipwi, na unaandikiwa onyo. Ukisubiri kukamatwa na taa, ni habari nyingine. Wengi hawajitaji, kwa sababu kila mtu anatumaini taa itamhurumia. Jirani yangu alikwenda dirishani kwa dada wa zahanati ya pale getini, na nilimsikia kwa sababu alisema kwa sauti, kama mtu anayeogopa kwamba akisema polepole atabadili mawazo.

"Dada, sijapuliza. Jana nilikunywa, na sijui nilikunywa nini."

"Hujui vipi?"

Hakunitaja. Aliangalia viatu vyake.

Nilirudi nyuma. Askari alininyooshea mkono kunizuia, nikamwambia nataka kuongea na dada tu.

"Ile pombe ni yangu mimi. Nimeitengeneza nyumbani. Nilimwambia ni nyepesi, na hesabu yangu haikuwa sawa."

Dada alinitazama, akamtazama yeye. "Wewe umepuliza?"

"Nimepuliza. Kijani."

"Basi nenda kazini. Huyu niachie."

Alimpa mrija. Sikuruhusiwa kusubiri nione.

Siku ile niliendesha kama mtu anayebeba mayai. Simu haziruhusiwi kwenye lori, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua. Kila nilipofika ukingoni kumwaga mzigo nilikuwa nasimama mbali kuliko kawaida, mpaka msimamizi akaniita kwenye redio kuniuliza kama lori lina tatizo. Nikamjibu hapana, lori ni zima. Mchana sikula. Nilikuwa najiona nikirudi mtaani na kuwakuta watoto wake wameacha kucheza na wangu.

Jioni nilimkuta amekaa nje kwake. Nilisimama mbali kidogo.

"Ilikuwepo," alisema. "Kidogo, lakini ilikuwepo. Wameniandikia onyo. Kazi ipo."

Nilitaka kusema kitu, akainua mkono. "Umerudi dirishani. Nimeona." Kisha akaongeza, "Mke wangu usimsalimie kwanza."

Nilimsalimia hata hivyo, kwa mazoea, alipopita na ndoo. Hakuitika.

Chupa zilikuwa bado zimebaki stooni, na kila mmoja nyumbani alikuwa anapita mbali na mlango ule kama kuna nyoka. Mapumziko yaliyofuata nilimwambia mke wangu aende na watoto kwa dada yake. Nilivaa kofia ngumu ya kazini, miwani, glavu nene, koti la jinzi, na nikafungua mlango. Nilikuwa nimefunika kreti kwa gunia lililoloweshwa. Nilipoligusa, chupa ziligongana kidogo na mimi nikaruka nyuma.

Jirani alitokea nyuma ya nyumba. Naye alikuwa amevaa kofia yake na miwani.

"Rudi nyumbani," nikamwambia. "Hii si kazi yako."

"Nataka nione ni ngapi," akajibu.

Tulizitoa moja moja. Mmoja anaishika kwa taulo lililoloa, uso ameugeuza pembeni, mwingine anainua kizibo kidogo kidogo mpaka gesi ianze kulia. Nyingine zilirusha povu mpaka kwenye bati. Kila iliyolia tulikunja mabega. Watu wa nyumba ya tatu walikuja kuchungulia juu ya ukuta wa uani, tukawafukuza kwa ishara, na hawakuondoka. Moja ilipasuka mkononi mwangu. Glavu ilichanika, kidole hakikuguswa. Jirani alinishika mkono akakiangalia kidole kile muda mrefu, kisha akaokota taulo lingine.

Ya mwisho niliimimina kwenye jagi na kuitikisa, nikaimimina na kuitikisa, mpaka povu likaisha kabisa na bia ikawa imetulia kama chai. Nikatumbukiza kioo. Kilizama chini sana kuliko siku ile. Safari hii niliongeza kwenye hesabu ile sukari ya dukani. Yeye aliinama karibu na bega langu, akafanya hesabu yake mwenyewe kwa kijiti kwenye mchanga, kwa sababu yangu hakuiamini, na alikuwa na haki.

Tulipata jibu moja. Lilikuwa zaidi ya nane.

"Nane," alisema.

Niliifuta kwenye koti mikono yangu iliyonuka hamira.

"Mwaga," akasema.

Tuliimwaga nyuma ya choo. Harufu ilikaa uani karibu wiki nzima, na mke wangu aliwaambia wageni kwamba ni pumba za kuku.

Zamu iliyofuata jirani alikuwa nyuma yangu kwenye basi, na getini alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Hakuna kati yetu aliyekuwa ameonja kitu. Hata hivyo zamu yangu ilipokaribia niligeuka kumwambia apite yeye. Alinisukuma taratibu mgongoni.

"Tangulia wewe," alisema. "Nikuone kwanza."

Nikapuliza. Alisimama pale akiitazama taa ile ya kijani mpaka ilipozimika, ndipo akasogea na yeye kupokea mrija wake.